Saa 2 na Dakika 20: Kisa cha Msafara Wetu Luxor

Tulikuwa watu 22. Kumi na wanne walitoka Dar es Salaam, watano Mombasa, na watatu Muscat, wazaliwa wa Unguja ambao Kiswahili chao kingali na ladha ya Mji Mkongwe. Agosti mwaka jana niliwapeleka Misri kwa siku nane: Cairo na Giza kwanza, kisha ndege mpaka Aswan, kisha meli ya kushuka Mto Naili hadi Luxor. Nasema kushuka, ingawa ukitazama ramani utadhani tulikuwa tunapanda. Maji yanatoka kwetu kusini, yanakwenda kwao.

Msafara niliuandaa mimi. Niliandika ratiba, nikakusanya pesa, nikabishana bei na wakala wa Misri. Kati ya siku zile nane, saba zilikwenda kama zinavyokwenda siku za safari. Moja iliharibika, na ndiyo ile ambayo wengi walikuwa wameilipia hasa: siku ya ng'ambo ya magharibi ya Luxor, kwenye Bonde la Wafalme walikozikwa mafirauni, na hekalu la Hatshepsut, malkia aliyetawala kama firauni. Nimeirudia kichwani mara nyingi, dakika kwa dakika, maana mwanzoni nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na kadiri nilivyozidi kuhesabu ndivyo kidole kilivyozidi kunigeukia.

Ratiba yangu ilisema hivi: kutoka melini saa 11 na nusu alfajiri, kifungua kinywa kwenye boksi, tufike lango la Bonde saa 12 linapofunguliwa. Luxor mwezi Agosti joto hupita nyuzi 40, na Bonde lenyewe ni korongo la mawe ya chokaa meupe yanayorudisha jua usoni kama bati jipya. Hakuna mti. Juu yake kuna kilele cha mlima kinachoitwa al-Qurn, kimechongoka chenyewe kama piramidi, na inasemekana ndicho kilichowavutia mafirauni wazikwe chini yake. Kilele ni kizuri kukitazama, ila kivuli hakikupi. Anayejua Bonde huingia alfajiri na kutoka saa 3.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nikakuta karatasi imebandikwa mapokezi ya meli: basi linaondoka 8.20. Kwanza ilibidi nipite chumba kwa chumba kuwaeleza wazee kwamba hiyo ni saa mbili asubuhi, si saa nane mchana. Kisha nikamwendea mwongozaji wetu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Luxor, mwenye leseni ya serikali shingoni, msomi wa maandishi ya kale kwelikweli. Kundi zima lilimwita Ustadh. Akaniambia jiko la meli haliwezi kufunga maboksi 22 alfajiri, na kwamba wageni watafurahia chakula cha moto. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, na nikiwa mkweli, na mimi nilitaka kulala.

Saa 2 na dakika 20 basi likaondoka. Meli nyingi hufunga gati upande wa mashariki, uliko mji. Makaburi yako upande wa pili, na basi haliwezi kupita juu ya maji, kwa hiyo hushuka kusini mpaka kwenye daraja, huvuka, kisha hupanda tena kaskazini kupitia mashamba ya miwa. Ilikuwa saa 3 tulipoona vilima. Watu wakaanza kutoa simu wapige picha. Basi likapunguza mwendo, likakata kulia, likasimama mbele ya nyumba iliyochorwa ndege na mashua.

Ilikuwa duka la alabasta, jiwe laini linalopitisha mwanga.

Mlangoni wameketi wanaume wanne juu ya mkeka, kila mmoja na chombo chake: mmoja anachimba tumbo la chungu kwa keekee ya mkono, mwingine anagonga, mwingine anasugua, wa nne anapaka nta. Waligonga kwa mdundo, wakaimba, wakatuuliza kwa Kiingereza tunatoka wapi. Mama mmoja wa Temeke akacheza kidogo, tukacheka wote. Kisha tukaingizwa ndani kwenye kiyoyozi na kupewa karkadee baridi, yaani juisi ya rosella. Kijana fundi wa kusema akazima taa, akatia balbu ndani ya chungu, chungu chote kikawaka kama taa ya mafuta. Akaeleza tofauti ya kilichochongwa kwa mkono na kilichochongwa kwa mashine. Alieleza vizuri, na chungu kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Lakini mimi nilikuwa karibu na mlango, na nilisikia kitu ambacho walio ndani hawakukisikia. Mlango ulipofungwa, wale wanne nje waliacha kugonga. Wakakaa kimya mpaka basi jingine lilipokata kona.

Tulitoka mle saa 4 na dakika 25. Vyungu sita, paka wa jiwe wawili, na malumbano ya bei yaliyomchosha kila mtu kabla hajaona kaburi hata moja.

Sanamu mbili za Memnon tukazipitia kwa robo saa. Zinastahili zaidi. Ni sanamu za firauni Amenhotep wa Tatu aliyeketi, kila moja urefu wake kama mita 18, zilizokuwa zikilinda mlango wa hekalu kubwa ambalo leo limebaki vipande uwandani. Baada ya tetemeko la ardhi mwaka 27 kabla ya Kristo moja ilipasuka, ikawa inatoa mlio alfajiri jua linapopiga jiwe lenye umande, na Wagiriki na Warumi wakawa wanafunga safari kuja kuisikiliza, wakiandika majina yao miguuni pake. Hao ndio watalii wenzetu wa zamani, na hata wao walijua kwamba mahali hapa panaendewa alfajiri.

Bonde tulifika saa 5 kasoro dakika tano.

Hapa lazima nieleze utaratibu, maana bila huo mtu hawezi kuelewa tulivyoungua. Ukiingia lango kuna jengo la wageni lenye mfano wa Bonde uliotengenezwa kwa plastiki angavu: ukiinama unaona makaburi yanavyoning'inia chini ya mlima kama mizizi ya muhogo. Hapo ndani pana ubaridi. Kisha unapanda kigari cha umeme kinachoitwa taftaf, kinakupeleka mpaka yalipo makaburi. Yaliyogunduliwa ni zaidi ya 60, ila tiketi ya kawaida inakuruhusu kuingia matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo. Kaburi la Tutankhamun lina tiketi yake, la Seti wa Kwanza yake, la Ramses wa Tano na wa Sita yake. Na mwongozaji haruhusiwi kutoa maelezo akiwa ndani ya kaburi. Anasimama nje, anaeleza kwa picha zilizo kwenye ubao, kisha nyinyi mnaingia bila yeye.

Sheria hiyo wengi wa kundi langu waliiona ya ajabu: umlipe mtu akueleze kaburi, kisha akae nje? Mimi naiunga mkono. Pumzi na jasho la watu vinajaza unyevu chumbani, na unyevu ni adui wa rangi za ukutani. Anayetaka kujua madhara aulizie kaburi la Nefertari, lililo bonde jirani la malkia. Lilipogunduliwa mwaka 1904 picha zake zilikuwa tayari zimeumuka, kwa sababu chumvi iliyo ndani ya mwamba ikilowa huyeyuka, ikikauka hugeuka fuwele, na fuwele zikikua husukuma plasta mpaka inabanduka. Mtu wa Mji Mkongwe haelezwi hilo. Nyumba za mawe za pwani zinakufa kwa ugonjwa huohuo. Taasisi ya Getty na mamlaka ya mambo ya kale ya Misri walifanya kazi mle kuanzia 1986 hadi 1992 kuzibandika upya picha hizo kipande kwa kipande. Sasa hebu weka mle makundi ya watu 22, kila kundi na mhadhara wake wa dakika ishirini.

Kwa hiyo sheria si tatizo. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inahamishia mazungumzo yote juani, na sisi tulifika juani saa 5. Tena kulikuwa na jambo ambalo sikulihesabu kabisa nilipopanga: lugha. Ustadh alieleza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri. Maelezo ya dakika 20 yakawa ya dakika 40. Tulijibanza kwenye kibanda kimoja na makundi mengine matatu, nusu yetu tukiwa nje ya kivuli. Nilikuwa natafsiri habari za safari ya jua usiku, milango kumi na miwili, nyoka Apofi, na nikiwatazama usoni nikaona hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Walikuwa wakihesabu chupa za maji.

Wazee wa kazi watanicheka hapa, maana Cairo imekuwa ikizungumza Kiswahili tangu miaka ya 1950, wakati redio yao ilipotangaza kwa lugha yetu kuchochea uhuru wa Afrika Mashariki, na Kiswahili kinafundishwa mpaka leo Al-Azhar. Ningeulizia mapema huenda ningempata mwenye leseni aliyepitia madarasa hayo. Sikuulizia.

Tukaingia kaburi la Ramses wa Nne, pana na jepesi kutembea, kisha la Ramses wa Tatu. Katika hili la pili palitokea jambo dogo linaloeleza siku yote. Mzee mmoja wa kundi letu ni fundi mwashi, amejenga Dar miaka arobaini. Korido inakwenda moja kwa moja kama mstari, halafu ghafla inaruka pembeni, kisha inaendelea tena kwenda mbele. Mzee akasimama, akatia mkono kwenye pembe bila kugusa, akanigeukia.

"Mwanangu, huyu alikosea vipimo?"

Sikuwa na jibu. Ustadh alikuwa nje. Nyuma yetu foleni inasukuma, mlinzi anapunga mkono twende. Tukaenda. Tulipotoka juani nikamuuliza Ustadh, naye akaeleza kwa dakika mbili: waliochonga walipofika pale walitoboa kaburi la jirani, la Amenmesse. Kazi ikaachwa. Ramses wa Tatu alipolichukua kaburi hilo, mafundi wake walisogeza mhimili pembeni, wakaendelea. Nikamtafuta mzee nimweleze, nikamkuta amekaa chini ya mwamba, kofia usoni, hataki tena kusikia habari ya kaburi. Jibu lilikuwepo, swali lilikuwepo, na yote mawili ya daraja la kwanza. Yalipishana kwa dakika tano na nyuzi 42 za joto.

Baada ya hapo mambo yakaporomoka kwa pamoja. Watu tisa walitaka kuona kaburi la Ramses wa Tano na wa Sita, lile ambalo dari la chumba cha maziko limechorwa mungu wa kike Nut mara mbili, mgongo kwa mgongo, akilimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Tiketi yake haikuwa kwenye bei yangu. Dirishani tukaambiwa hawapokei fedha taslimu, ni kadi tu. Siku hizi vituo vikubwa vya Misri vimekwenda huko, na nilijua. Nilichosahau ni kuwaambia watu wangu. Wao walikuwa na dola mfukoni na pesa kwenye simu, na simu ya Tanzania dirishani Luxor ni saa ya ukutani. Nikatoa kadi yangu. Ikapita kwa wanne, kisha benki yangu, kwa kunionea huruma, ikaifunga.

Na papo hapo dirishani wakaona bei mbili: ya Wamisri na Waarabu, na ya wageni wengine. Wale watatu wa Muscat wakatoa pasipoti za Oman, wakalipa ile ya chini, kwa kadi zao, bila tabu. Watu waliokuwa wanagawana samaki meza moja tangu Aswan wakatazamana. Dada mmoja wa Mombasa akasema kwa sauti, "Kwani Misri si Afrika? Sisi ndio wageni hapa?" Bwana wa Muscat akaona haya, akajitolea kumlipia. Dada akakataa. Mchana ule ulitosha kuwa mrefu bila hilo.

Mama mmoja, umri wake 68, akazidiwa kizunguzungu mlangoni mwa kaburi. Mlinzi wa pale, mzee wa kanzu, alimwahi kabla yangu: akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akalowesha kilemba maji na kumwekea kichwani, akamwita "ya hagga", yaani ewe Hajati, kwa upole wa mtoto na mama yake. Alipopata nafuu mlinzi akanyosha kiganja. Kijana wetu mmoja akamfokea kwamba hata huruma inauzwa hapa. Nilimtoa kijana pembeni. Neno bahashishi tunalo sisi pia, tumelipata njia moja na wao, ila kwetu mtu hupewa na huona haya kuomba. Kwao mshahara wa mlinzi wa kaburi umepangwa kana kwamba bahashishi ni sehemu yake. Nilimpa mlinzi pauni 200 na asante. Kiti kile hakikuwa cha bure kwake, alisimama juani nusu saa.

Chakula tulikula saa 8. Hekalu la Hatshepsut tulifika saa 9 kasoro, tukapewa dakika 25 kwa sababu dereva alikuwa na kazi nyingine jioni. Hekalu lile ni la ngazi tatu kubwa chini ya ukuta wa mlima, na ukiwa chini unaliona lote kwa mara moja, kwa hiyo kundi lilipiga picha chini, watu wanane wakapanda ngazi ya kwanza, na hakuna aliyefika upande wa kushoto wa kibaraza cha pili. Huko ndiko ulipo ukuta wa Punt, ile nchi ya kale ya ubani ambako Hatshepsut alituma meli zake. Nilikuwa nimewaahidi ukuta huo tangu Dar. Ndiyo picha ya zamani kuliko zote ninazozijua ya meli zikienda kununua ubani upande wetu wa dunia. Basi likapiga honi.

Usiku huo, baada ya chakula kilicholiwa kimya, Ustadh alinikuta sitahani juu. Nilikuwa nimeandika barua pepe ya ukali kwa wakala, sijaituma. Nikamwambia wazi: umetuuza kwa duka la vyungu. Hakukasirika. Aliwasha sigara, akaniuliza swali moja. "Madam, bei yenu mliipata vipi?"

Nikakumbuka. Mwezi wa nne wakala alikuwa amenipa bei, mimi nikarudisha nikidai dola 60 zipungue kwa kila kichwa. Dola 1,320 kwa kundi zima. Nilijivunia sana. Nilifungua simu pale pale nikatafuta majibu yake. Aliandika kwamba amekubali, na kwamba "ratiba itapangwa ipasavyo". Sikuwahi kuuliza ipasavyo maana yake nini.

Ustadh akanieleza jinsi hesabu inavyofungwa. Basi, dizeli, meli, tiketi, vyote vina bei isiyobanwa. Kinachobanwa ni ujira wa mwongozaji na faida ya ofisi, na vyote viwili hujazwa na maduka: alabasta ng'ambo ya magharibi, papirasi (karatasi za mafunjo) Giza, manukato Aswan. Duka hulipa asilimia ya kilichonunuliwa, na kundi lisipopelekwa dukani ofisi humuuliza mwongozaji kwa nini. "Jiko la meli lingefunga maboksi," akasema. "Wanafunga kila siku." Akavuta sigara. "Lakini duka halifunguliwi saa 12."

Hicho ndicho kiini cha kisa chote, na sikukiona kwa siku nzima kwa sababu nilikuwa nakitafuta mahali pasipofaa. Nilidhani tulipoteza saa moja na robo dukani. Saa hiyo ningeisamehe. Tulichopoteza ni saa tatu za ubaridi kabla ya duka, kwani ili tupite dukani likiwa wazi ilibidi siku nzima isogezwe mbele, na Bonde likaangukia saa 5. Ningeruhusu duka lilelile saa 4 asubuhi, wakati tunatoka Bondeni tumeshiba makaburi na tunatamani kiyoyozi, watu wangenunua vyungu kumi na viwili na kumshukuru kila mtu. Kosa halikuwa kuwepo kwa duka, kwa hiyo. Kosa lilikuwa kwamba nilikata bei bila kuuliza ilikokatwa, nikamwachia anayeijazia pengo aamue jua lituchome saa ngapi.

Ustadh naye simwachi hivihivi. Angeweza kuniambia usiku ule wa karatasi, badala ya hadithi ya chakula cha moto. Nilimwambia hivyo. Alisema viongozi wa makundi wakiambiwa ukweli huo hulalamika ofisini, na anayefukuzwa ni yeye. Sikuwa na la kumjibu. Pengine ningefanya hivyo hivyo.

Ratiba ya kesho yake ilikuwa hekalu la Karnak asubuhi, ndege ya Cairo jioni. Ustadh akasema, "Duka limeshapita. Kesho ni yangu." Akapendekeza wanaotaka waamke saa 10 na nusu, tuvuke kwa feri ya umma inayoondokea karibu na hekalu la Luxor, dakika chache tu juu ya maji, kisha daladala za ng'ambo mpaka kwa Hatshepsut. Saa 12 ndani, saa 1 na nusu nje, Karnak saa 3. Tiketi za pili kila mtu ajilipie, na kwa kuwa kadi yangu ilikuwa imefungwa, tukamwomba bwana wa Muscat alipe zote kwa kadi yake, sisi tumrudishie dola. Dada wa Mombasa alikuwa wa kwanza kumpa zake. Hawakusema kitu.

Tulikwenda kumi na mmoja. Mzee fundi alikuja, na mama wa kizunguzungu alikuja, mbele ya wote. Maelezo yote Ustadh aliyatoa ndani ya feri, ameketi juu ya kreti ya soda, nami nikatafsiri kwa raha bila kupiga kelele: kwamba Hatshepsut alitawala karne ya 15 kabla ya Kristo, mwanamke aliyejichora na ndevu za firauni, kwamba alituma meli tano Punt, kwamba wapi hasa ilikuwa Punt wataalamu wanaelekeza pembe ya Afrika, pande za Eritrea na jirani zake, wala hakuna ushahidi wa kuishusha mpaka Zanzibar, ingawa mzee mmoja wetu alijaribu kwa bidii. Kwa hiyo tulipofika ukutani hakukuwa na mhadhara. Watu walitazama tu.

Kuna vibanda vya watu wa Punt juu ya nguzo, kila kimoja na ngazi yake. Kuna mke wa mkuu wa Punt, mnene kupita kiasi, na punda wa kumbeba. Ingawa jiwe halisi la bibi huyo liko jumba la makumbusho Cairo, na lililopo pale ni nakala. Kuna miti ya ubani inapandishwa melini na mizizi yake ndani ya vikapu. Mama wa kizunguzungu hakutazama hivyo. Yeye kakulia Tanga, baba yake alikuwa mvuvi, na macho yake yalikwenda chini ya meli, kwenye mstari wa maji ambao watu wengi huuruka. Wachongaji walijaza samaki pale, na wataalamu wanasema wengi wao ni wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, si wa Mto Naili.

"Huyu taa," alisema, kidole kikiwa mbali na jiwe kama alivyoonywa. "Huyu ngisi. Huyu kamba koche, tazama pembe zake." Akasogea hatua moja. "Na huyu… huyu simjui kwa jina, lakini nimemla."

Ustadh akatoa daftari. Akamwomba arudie taratibu, akawa anaandika kwa herufi za Kiarabu: taa, ngisi, kamba koche. Amewaongoza watu mbele ya ukuta ule miaka zaidi ya ishirini. Mzee fundi alikuwa amesharudi nyuma, anapima kwa jicho jinsi nguzo zilivyopangwa, na safari hii alipouliza, mtu wa kumjibu alikuwa pembeni yake.

Sitaki kuonyesha kwamba asubuhi ile ililipa kila deni. Kumi na mmoja wengine walilala, na walipogundua tumekwenda wapi, watatu walinuna kwa sababu Karnak ilipunguzwa nusu saa. Ukumbi wa nguzo 134 wa Karnak haupunguzwi nusu saa bila dhambi. Mmoja wao alidai fidia tuliporudi Dar, nami nikamrudishia sehemu. Kijana aliyemfokea mlinzi hajabadili mawazo.

Wakala nilimwandikia barua nyingine, fupi. Kwa msafara wa Januari nimerudisha zile dola 60, na nimeomba zitajwe kwa jina kwenye mkataba: ujira wa mwongozaji, kwa siku. Ratiba ina saa za kuingia kila lango, na duka limeandikwa pia, saa 4 na nusu asubuhi, baada ya Bonde. Nimewaambia wasafiri waje na kadi na wazijaribu kabla hawajapanda ndege. Wakala alijibu siku hiyo hiyo. Ameuliza tu kama nina hakika kuhusu maboksi ya kifungua kinywa, kwa kuwa wageni wengi, anasema, hupenda chakula cha moto.